Mzinga Unapopigwa Ngomeni: Mwongozo Kamili wa Kutazama, Kusikia na Kuelewa

Watu wengi huenda ngomeni kungoja mlio tu. Husimama juani, simu mkononi, mzinga unalia, wanashangilia, wanaondoka. Mlio wenyewe haumalizi hata sekunde moja. Kabla yake kuna dakika nzima za kazi ya mikono, kazi ambayo utaratibu wake ulipatikana kwa kupoteza vidole, macho na roho za watu. Hiyo ndiyo ya kusafiria. Kila ninapomsikia mtu akitoka ngomeni akisema "mbona fupi hivyo", najua hakuna aliyemwonyesha pa kukazia macho.

Shika jambo moja, mengine yatajipanga yenyewe: karibu kila wanachofanya wapiga mizinga ni kuzima moto. Kuwasha ni mara moja, mwishoni kabisa. Hatua zote zilizotangulia ni za kuhakikisha kwamba hakuna cheche iliyojificha ndani ya chuma wakati baruti inaingizwa. Ukitazama onyesho kwa jicho hilo, hutauona mwendo hata mmoja usio na sababu.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kuona nini

Kuna mizinga ya saa na kuna maonyesho ya kihistoria. Watu huyachanganya, kisha wakakata tamaa.

Mzinga wa saa hupigwa ili mji na meli zilizotia nanga zijue wakati. Cape Town, juu ya Signal Hill, mzinga hulia saa sita kamili mchana kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu za umma. Mizinga ya pale ni ya mwaka 1794, na ilihamishiwa kilimani mwaka 1902. Leo huwashwa kwa umeme, na wa pili hushindiliwa kabisa ukae akiba, wa kwanza ukigoma. Edinburgh, Uskoti, mzinga wa saa saba mchana ulianza mwaka 1861, na sasa wanatumia mzinga wa kisasa wa jeshi. Halifax, Kanada, wamekuwa wakipiga wa saa sita mchana tangu 1857. Katika hii yote unachokifuata ni saa. Usipofika kwa dakika, umekosa, na mara nyingi kazi ya kushindilia imekwisha kufanywa kabla watazamaji hawajakaribia.

Onyesho la kihistoria ni kitu kingine. Hapa kikosi kizima, kimevaa sare za enzi fulani, hutekeleza hatua zote mbele yako kwa amri za enzi hiyo. Mfano mzuri ni ngome ya Castillo de San Marcos, mjini St. Augustine, Florida. Wahispania walianza kuijenga mwaka 1672, wakamaliza 1695. Wafanyakazi na wanaojitolea, wakiwa katika sare za askari wa Hispania wa karne ya 18, hupiga mzinga juu ya ukuta unaotazama maji, na amri hutolewa kwa Kihispania. Huhitaji kukijua Kihispania. Baada ya amri ya tatu au ya nne utakuwa umeuelewa mdundo wake.

Ngome ile ilijengwa kwa jiwe linalotokana na makombe ya bahari yaliyogandamana. Waingereza walipoizingira mwaka 1702 na tena 1740, matufe ya chuma yalizama ukutani badala ya kuupasua. Aliyezoea kuta za matumbawe za Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ataupapasa ukuta wa Castillo na kuhisi kwamba mafundi wa pwani mbili zilizotengana sana walikuta jibu moja: jenga kwa kile bahari ilichokupa.

Halafu kuna Havana, ngome ya San Carlos de la Cabaña, iliyojengwa kati ya 1763 na 1774. Kila usiku saa tatu kikosi chenye sare za karne ya 18 huingia na mienge na kupiga mzinga. Zamani mlio huo ulitangaza kufungwa kwa malango ya mji. Ukitaka kuona mwali wa moto wenyewe, hapa ndipo, maana mchana jua hulimeza karibu lote na kukuachia moshi.

Kwa anayeanza ningechagua onyesho la mchana lenye kikosi kamili. Usiku ni mzuri zaidi kwa macho, lakini huoni mikono, na kwenye mikono ndiko kwenye somo.

Hatua ya 2: Jitayarishe kabla ya kutoka

Hakiki ratiba siku hiyohiyo. Onyesho la mzinga huahirishwa kwa mambo ambayo mgeni hayafikirii: radi za mbali, upepo mkali, ukame unaofanya nyasi zishike moto, joto lisilovumilika ndani ya sare nzito za sufu, au kukosekana kwa mtu mmoja tu wa kikosi. Wakikuambia hakuna kwa sababu ya radi, washukuru. Mtu anayekaa karibu na sanduku la baruti chini ya wingu jeusi hajui anachokifanya.

Beba vizibo vya masikio. Hili silipunguzi hata kidogo. Kwa sauti za ghafla, kikomo kinachotajwa na wataalamu wa usikivu ni desibeli 140, na mzinga ulio karibu nawe unaweza kukivuka. Kidole sikioni kinasaidia, lakini mtu anayeziba kwa vidole hushindwa kungoja, huachia kidole ili apige picha, na ndipo moto unapotoka. Vizibo vya povu ni rahisi kuvitumia: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie mpaka kivimbe. Kikibaki nje nusu, hakikusaidii kitu.

Watoto wadogo wavae vifuniko vinavyokaa juu ya sikio zima, kwa kuwa vizibo vya povu huwatoka. Na waambiwe mapema, kwa lugha yao, nini kitatokea: watu watasafisha, watashindilia, mmoja atapaza sauti, halafu kutakuwa na kishindo kitakachokugonga kifuani. Mtoto aliyeambiwa huruka na kucheka. Aliyeshtukizwa hulia, na safari ya siku nzima huishia hapo. Kichanga nisingemleta karibu. Mbwa abaki nyumbani.

Kuna wengine wa kuwafikiria. Mtu aliyepitia vita au mashambulizi huenda asiwe na shida na picha wala masimulizi, lakini kishindo cha kifuani hakipitii akilini kwanza. Kama unamjua mwenzako ana historia hiyo, mpe nafasi ya kuamua kabla hamjalipa kiingilio, wala usimwambie ni kelele tu.

Hatua ya 3: Chagua pa kusimama

Fika dakika 20 mapema. Kamba ya kuzuia watazamaji huwa imeshafungwa, kwa hiyo usitafute pa karibu zaidi. Tafuta pembe nzuri zaidi.

Ninapopapenda mimi ni pembeni, nyuma kidogo ya mzinga, mahali ambapo unaona vitu viwili kwa pamoja: mdomo wa mzinga na lile tundu dogo la kuwashia lililo juu ya kitako chake. Ukikaa nyuma kabisa utaona migongo ya watu. Ukisogea mbele mno utaona moshi, lakini hutaona nani alifanya nini.

Angalia bendera. Upepo ukivuma kutoka upande wako kuelekea mzinga, moshi utaondoka na utaona kila kitu. Ukivuma kuja kwako, sekunde moja baada ya mlio utakuwa ndani ya wingu jeupe lenye harufu ya kiberiti, kali kama ya yai lililooza. Kila mtu aionje harufu hiyo mara moja maishani, ila mwenye pumu asiipeleke pua yake huko.

Epuka kona ambapo kuta mbili za mawe zinakutana. Sauti hugonga, hurudi, hugonga tena, na pale huwa kali kuliko mahali palipo wazi. Epuka pia kukaa chini ya dari la mlango au la chumba cha mizinga. Mahali pa wazi, bahari mbele, ndipo panapomfaa mtazamaji.

Hatua ya 4: Tambua zana kabla hazijashikwa

Kikosi huja na zana zake na kuziegemeza au kuzilaza kando ya mzinga. Tumia dakika hizo kuzitambua moja moja, kwa maana zikianza kutembea hutapata nafasi.

Utaona miti mirefu mitatu au minne inayofanana kwa mbali. Mmoja una kulabu za chuma zilizosokotwa kwenye ncha. Huo huchokora masalio ya shoti iliyopita. Wa pili una kichwa kinene kilichovikwa ngozi ya kondoo yenye manyoya, na karibu yake kuna ndoo ya maji. Huo ndio muhimu kuliko zote, ingawa hakuna anayeupiga picha. Wa tatu una kichwa cha mbao kilicho bapa: mdeki, wa kushindilia. Mara nyingi mdeki na ngozi ya kondoo huwa kwenye ncha mbili za mti mmoja. Nyakati za zamani kulikuwa na mwingine wenye kijiko kirefu cha shaba cha kumiminia baruti isiyo mfukoni. Ukiuona umewekwa, ujue ni wa kuonyeshwa tu, maana baruti ya wazi haimwagwi tena mbele ya watu.

Ni kwa nini shaba? Kwa sababu chuma kikigonga chuma hutoa cheche, na shaba haifanyi hivyo kirahisi. Ukishalijua hilo utaanza kuona shaba, mbao na ngozi kila mahali karibu na baruti, na chuma kimewekwa mbali.

Vitu vidogo ni vya kutafuta kwa macho: kifuko cha ngozi kinachovishwa kidole gumba, sindano ndefu ya kutobolea, chombo kidogo cha baruti laini, na mti mfupi uliozungushiwa kamba inayofuka taratibu. Kamba hiyo ni utambi, umelowekwa dawa ili uwake polepole bila mwali. Tazama ulipochomekwa. Utakuwa mbali na sanduku la baruti, na upande ambao upepo hauzipeleki cheche kwenye sanduku. Kama uko karibu na sanduku, kikosi hicho kisikuvute, rudi nyuma zaidi ya kamba yao.

Sanduku lenyewe liko nyuma, limefungwa. Hesabu ni mara ngapi kifuniko chake kinafunguliwa. Katika kikosi kizuri ni mara moja kwa kila shoti, kwa sekunde chache tu.

Hatua ya 5: Fuata mikono

Hapa ndipo penye utamu wote, kwa hiyo sitakwenda haraka.

Kwanza mzinga huchokolewa. Mti wa kulabu huingizwa mpaka mwisho, huzungushwa, hutolewa. Hata kama ni shoti ya kwanza ya siku, hufanywa. Wanatafuta vipande vya mfuko wa baruti vilivyobaki. Mfuko wa kitambaa hauungui wote. Kipande chake kinaweza kubaki kitakoni kikifuka kimyakimya, nawe huoni kitu kutoka nje. Siku hizi vikundi vingi hufunga baruti kwa karatasi ya alumini, ambayo haifuki, na bado huchokora.

Kisha ngozi ya kondoo huchovywa majini na kuingizwa. Sasa acha kumtazama aliyeshika mti. Mtazame mwenzake aliye nyuma, kwenye kitako. Ameweka kidole gumba chenye kifuko cha ngozi juu ya tundu la kuwashia, na anakikandamiza. Kichwa cha ngozi kinapoingia husukuma hewa kama bomba la baiskeli. Tundu likiwa wazi, hewa hupita juu ya cheche yoyote iliyobaki na kuipulizia kama mvukuto wa mhunzi. Likizibwa, cheche hukosa hewa na maji huimaliza. Kwa hiyo kidole kile hakiondoki wakati wa kupangusa, na kitarudi palepale wakati wa kushindilia. Kwenye mzinga uliokwisha kupata moto kwa shoti nyingi, kidole huungua, ndiyo maana ya ngozi. Mimi humtazama mtu huyu kuliko wengine wote. Hana sauti, hana mwendo, na uhai wa mwenzake aliye mbele umo katika kidole chake.

Mfuko wa baruti huletwa baada ya hapo tu. Anayeubeba hutembea, hakimbii, ameukinga kwa mwili au ameutia ndani ya mkoba wa ngozi, na nyuma yake kifuniko cha sanduku kinafungwa kabla hajafika. Kiasi cha baruti ni kidogo kuliko cha vita, na tufe halipo. Vitani lingefuata tufe la chuma, na mzinga uliitwa kwa uzito wake: wa ratili 6 ulirusha tufe la kilo 2.7 hivi, wa ratili 12 kilo 5.4, wa ratili 24 karibu kilo 11.

Halafu kushindilia. Tazama miguu ya mshindiliaji: yuko kando ya mdomo wa mzinga, kamwe hasimami mbele yake. Tazama mkono: vidole na gumba vyote viko upande mmoja wa mti, kiganja kimeelekea juu. Ukijaribu kushika fagio hivyo utaona si raha. Sababu ni kwamba baruti ikiwaka kabla ya wakati, mti huruka kutoka mkononi. Gumba lililozunguka mti huondoka nao. Mkono uliotanda huweza kubaki. Baada ya kusukuma, huuachia mti au kurudi nyuma mara moja. Hakuna anayeegemea mdomo wa mzinga ulioshiba. Nimewahi kuona mwanagenzi akikosea mshiko huo mara moja tu wakati wa mazoezi, na mkuu wa kikosi akasimamisha kila kitu, wakaanza upya kuanzia kuchokora. Watazamaji walinung'unika. Ni mkuu wa aina hiyo ninayependa kusimama nyuma yake.

Baruti sasa imo ndani. Aliye kwenye kitako huondoa kidole, huteremsha ile sindano ndefu kupitia tundu mpaka aitoboe karatasi ya mfuko. Ukiwa karibu utamwona akisikiliza kwa mkono, akitafuta ule mguso mdogo unaosema imetoboka. Asipotoboa, moto utaishia tunduni na mzinga hautalia. Halafu hujaza tundu kwa baruti laini. Mahali pengine hutumia kifaa cha msuguano kinachovutwa kwa kamba. Hicho ni cha karne ya 19. Ukikiona kwenye onyesho linalodai kuwa la mwaka 1740, uliza kwa adabu, nao watakueleza kwamba wamechagua usalama.

Hapo watu hurudi nyuma, kila mmoja mahali pake, hugeuza nyuso pembeni, huziba masikio. Mkuu hutazama mbele, baharini, kama kuna mashua imepita. Hutazama kushoto na kulia. Kama kuna jahazi au mtu wa kasia ameingia, wote husubiri. Kisha amri.

Hatua ya 6: Moto

Usitazame mdomo wa mzinga kwanza. Tazama tundu. Utambi unapogusa, kichomozo kidogo cha moto na moshi hupanda wima kutoka kitakoni, na baada ya kitambo kifupi sana mdomo unafuata. Ni milio miwili, ila ya kwanza ni mnong'ono. Ukiwahi kuutenganisha mnong'ono na ngurumo, umeanza kuuona mzinga.

Moshi mweupe mzito unatokana na tabia ya baruti ya zamani, ile ya chumvi ya shura, makaa na kiberiti. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Hubaki vumbi laini, na hilo ndilo wingu unaloliona likielea juu ya maji. Fikiria mizinga ishirini ikipigwa kwa zamu siku isiyo na upepo: baada ya dakika chache askari hawakuona wanampiga nani.

Jambo moja hutaliona, na lazima uliwaze. Bila tufe mzinga hutikisika tu. Ukiwa na tufe, chuma cha tani mbili na zaidi kingerudi nyuma kwa kishindo, na watu wangekikokota mbele tena kwa kamba, kwa jasho, kila shoti. Kama watu wa kikosi hawatalitaja hilo, waulize.

Ukiwa mbali, hesabu. Sauti hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde, mwanga hufika papo hapo. Ukiona moshi na mlio ukakujia baada ya sekunde tatu, uko kilomita moja hivi. Ndiyo sababu mabaharia bandarini Cape Town walirekebisha saa zao kwa kuutazama moshi. Aliyengoja sauti alichelewa, na baharini sekunde chache za saa ni umbali mrefu wa njia.

Na ukigoma? Kuna siku mkuu hutoa amri, tundu likawaka, na kimya kikafuata. Hapo ndipo utajua umekuja kwa watu wa aina gani. Kikosi makini hakisogei. Hakuna anayekwenda kuchungulia. Wanasubiri kwa dakika kadhaa, maana moto unaweza kuwa unatembea polepole ndani. Kisha hujaribu kuwasha tena wakiwa kando, au hulowesha baruti kwa maji. Watakuomba urudi nyuma. Rudi bila maswali. Shoti ya pili nayo haiji haraka. Waandaaji wengi huweka dakika 10 au zaidi kati ya shoti mbili, kuzipa cheche muda wa kufa, ingawa vitani walipiga kwa kasi kubwa zaidi, na walilipa kwa mikono yao.

Hatua ya 7: Picha, kwa ufupi

Shoti ya kwanza itazame kwa macho. Kama kuna ya pili, piga picha ya hiyo. Kwenye simu, funga mwanga kwa kubonyeza na kushikilia juu ya mzinga, anza kurekodi video kabla ya amri ya mwisho, kisha toa picha moja kutoka kwenye video. Kubahatisha kwa kidole hakufai. Utashtuka na kuikosa. Aliye na kamera aweke kasi ya 1/1000 na apige mfululizo kuanzia utambi unapoteremka. Mwanga wa flashi uzime. Ndege isiyo na rubani usiirushe ngomeni bila ruhusa.

Hatua ya 8: Soma mzinga

Umati ukitawanyika, nenda kwenye mizinga ya zamani iliyolala kimya ukutani. Huo unaopigwa mara nyingi ni nakala mpya, na kuna sababu. Chuma cha kusubu kilichokaa miaka 200 kwenye hewa ya chumvi kinaweza kuwa na nyufa zisizoonekana, na mzinga ukipasuka huwaua wa nyuma yake. Mwaka 1460 mfalme James II wa Uskoti aliuawa na mzinga wake mwenyewe uliopasuka akiwa amesimama karibu nao katika kuizingira ngome ya Roxburgh.

Ile ya zamani husomwa. Taji na herufi GR ni za wafalme wa Uingereza walioitwa George. Herufi za V, O na C zilizosukwa pamoja ni za kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki. Mizinga ya shaba mara nyingi ina vishikio viwili juu vilivyochongwa umbo la pomboo, navyo vilitumika kuunyanyua kwa kamba. Juu ya kitako cha mzinga wa Kiingereza tafuta namba tatu zilizochanjwa, mathalani 20-1-7. Ni uzito wake, na unaweza kuupiga hesabu hapohapo: ya kwanza zidisha kwa ratili 112, ya pili kwa 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Hapa ni 2,240, jumlisha 28, jumlisha 7: ratili 2,275, zaidi kidogo ya kilo 1,030. Mfundishe mtoto hesabu hiyo, naye atazunguka ngome nzima akitafuta mzinga mwingine wa kukokotoa.

Pitisha kidole pembeni ya tundu la kuwashia. Likiwa limepanuka na kuliwa, mzinga huo ulipigwa sana. Likiwa na msumari uliogongelewa ndani, kuna siku watu waliukimbia na hawakutaka adui autumie.

Tufe la zamani ukilikuta ufukweni au mchangani, usiliguse, toa taarifa. Mengine si chuma kitupu, yana baruti ndani, nayo haizeeki kama unavyodhani. Mwaka 2008, huko Virginia, Marekani, mkusanyaji mzoefu aliuawa akisafisha kombora la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865.

Hatua ya 9: Kama moyo umeshikwa

Wapo watakaotaka kusimama upande wa pili wa kamba. Njia ni kujiunga na kikosi kilichopo cha ngome au makumbusho. Utapewa kwanza ndoo ya maji na ngozi ya kondoo, na utakaa nazo miezi, ukirudia mwendo mmoja mzinga ukiwa mtupu. Usijaribu kuanzisha chako kwa mzinga ulioununua au kuurithi. Kuna sheria za baruti, vibali, ukaguzi wa chuma, na idhini ya wenye ngome; na kuna mambo ya mikono ambayo hayaandikiki. Hata mwongozo huu umekueleza uone, haukukufundisha upige.

Siku hiyo ya kwanza, kabla ya kuomba chochote, baki baada ya wageni kuondoka. Watafunga sanduku, wataondoa utambi na kuuzima majini, kisha wataleta ndoo za maji ya moto. Masalio ya baruti hunyonya unyevu na kula chuma, kwa hiyo mzinga hauachwi ulale mchafu. Watamimina, watasukuma ile ngozi ndani na nje, maji yatatoka meusi kama wino na kutiririka kwenye mifereji ya mawe. Watamimina tena, yatatoka ya kijivu. Yule wa kidole gumba atakuwepo, ameinama, akilisafisha tundu kwa sindano yake. Hawatapangusa mafuta mpaka maji yatoke meupe, na ukiomba kushika ndoo, mara nyingi watakupa.